Shairi Chini ya Nyota Tatu

Foleni ya machenza ilianzia kaunta, ikatoka mlangoni, ikapinda kona ya Mtaa wa Sadovaya na kuishia mbele ya duka la vifungo. Taisia alikuwa upande wa vifungo. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Desemba 1978, na Leningrad ilikuwa imeshikwa na baridi ya kupasua mabomba. Taisia alivaa koti la kijivu la kwendea ofisini na shali ya sufi ya marehemu bibi yake, ameifunga hadi yakabaki macho tu. Kwenye kiganja chake cha kushoto, mama mmoja aliyejipa usimamizi wa foleni alikuwa amemwandikia namba kwa kalamu ya wino: mia na kumi na nne.

"Baridi ndiyo raia pekee asiyeombwa hati," alisema mtu nyuma yake, taratibu, kama anayeongea na kola ya koti lake.

Taisia alikaza fundo la shali. Maneno yale aliyajua. Siku tatu zilizopita aliyapiga taipu yeye mwenyewe, chumbani kwake, blanketi likiwa chini ya mashine ili majirani wasisikie. Yalikuwa ya Arkadi Sumerin, mshairi ambaye miaka minne nyuma alipandishwa ndege bila sanduku na kuambiwa asirudi. Sasa alikuwa Paris, na jina lake halikuwa la kutajwa kwenye foleni. Taisia alitoa nakala tano: nne kwa watu wanne, ya tano akabaki nayo. Huyu alikuwa wa sita, au alikuwa mtu wa kazi nyingine kabisa, ya kusikiliza na kuripoti.

Alifanya ishara ya msalaba ndani ya shali, kwa kidole kimoja, kisha akageuka.

Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu. Koti lake jeusi lilimzidi mabegani, masikio yalikuwa mekundu chini ya kofia, na kope za jicho moja zilikuwa zimeungua.

"Umesema nini?" Taisia aliuliza.

"Nimesema baridi, dada. Mimi ni mia na kumi na tano. Kwa hiyo tumekuwa ndugu."

"Undugu wetu umetoka wapi?"

"Kwenye chenza la mwisho. Likiishia kwako, nitakuchukia maisha yangu yote."

Mama wa namba mia na kumi na tatu alimwambia apunguze maneno, yasije yakaganda hewani yakawadondokea kichwani. Watu walicheka. Taisia naye alicheka, akashangaa kusikia sauti yake.

Machenza kweli yaliishia kwake. Muuzaji alipindua kreti ili wote waone, akafunga dirisha. Mwanamume yule alisimama akitazama mfuko wa wavu wa Taisia kama mtu anayesindikiza treni. Taisia alitoa machenza matatu akampa.

"Umeniharibia mpango," alisema yule mwanamume. "Sasa nitakuchukiaje?"

Jina lake lilikuwa Innokenti, lakini watu walimwita Kesha. Alikuwa mchochea moto katika chumba cha boila nyuma ya kiwanda cha mikate, na kope zake ziliungua kwa sababu alichungulia mlango wa tanuri akiwa anawaza jambo jingine. Namba ya simu ya Taisia aliiandika kiganjani mwake, chini ya mia na kumi na tano.

Simu yenyewe ilining'inia ukutani kwenye korido, nje ya chumba cha Klavdia Petrovna, mjane aliyekuwa kama rais wa nyumba ile ya familia saba na jiko moja. Kesha alipiga siku ya pili. Klavdia Petrovna alipokea, akauliza ni nani, anafanya kazi wapi na amekula nini, kisha akaita kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Taisia, yule wako wa makaa."

Wakazungumza kila siku. Habari za mashairi hazikutajwa kwenye simu. Watu wao walisema "keki". Kesha aliuliza kama keki ya shangazi imekwisha, maana yake zile karatasi za Sumerin. Taisia akajibu kwamba kimebaki kipande kimoja, lakini ni cha chini, hakikuiva vizuri. Hiyo ilikuwa nakala ya tano, ile ambayo kaboni huifikia ikiwa imechoka na herufi zinabaki vivuli.

"Mimi napenda cha chini," alisema Kesha. "Kinamfundisha mtu kutafuna."

"Nyie kila siku keki," Klavdia Petrovna alisema akipita na sufuria, "na hakuna hata mmoja anayenenepa."

Kumbe Kesha alikuwa mtu wa sita kwa njia ya kawaida kabisa. Rimma, rafiki wa Taisia wa maktaba, ndiye aliyebeba karatasi kutoka kwa mtu hadi mtu, na yeye ndiye aliyemwazima. Taisia alipolijua hilo alimshukuru Mungu kwa magoti, mbele ya picha ya Mtakatifu Nikolai aliyoificha nyuma ya pazia la kabati. Alikuwa amemwomba Mungu mume tangu ana miaka ishirini na tano. Sasa alikuwa anakaribia thelathini na moja na alikuwa amezoea kuomba mambo madogo zaidi.

Januari, siku yake ya kuzaliwa, alimtembelea Kesha kwenye boila baada ya kazi. Alivaa gauni la buluu la sufi lenye kola nyeupe aliyoishona mwenyewe, na juu yake lile koti la kijivu. Kesha alifuta kiti kwa gazeti, kisha kwa kofia yake, kisha kwa mkono wa shati. Alikuwa na mkate wa moto kutoka kiwandani na chai iliyochemkia juu ya bomba.

"Sina zawadi," alisema. "Nina kitu changu nilichokitunga miaka mitatu iliyopita. Sikisomi kwa watu. Kaa hapo, usinitazame."

Taisia alitazama moto. Kesha alisema:

*Koti la baba bado lina mabega yake;*
*naishi humo kama mpangaji.*
*Mfukoni mna tiketi ya treni ya Jumapili,*
*haijatobolewa. Treni bado inasubiri.*

Maneno yalimwingia Taisia kama sala aliyofundishwa utotoni, kana kwamba yalikuwa ndani yake tangu zamani na Kesha alikuja kuyaamsha tu. Alichukulia kwamba hayo ndiyo mapenzi. Tangu ajifunze taipu alikuwa akiandika maneno ya watu wengine: barua za ofisi mchana, mashairi ya wengine jioni. Alikuwa na msemo wake, kwamba vidole vyake ndivyo vinavyosoma, yeye hasomi. Siku ile kwa mara ya kwanza mtu alimpa maneno yaliyokuwa yake peke yake.

"Ni lako kweli?" aliuliza, kwa furaha tu.

"Ni langu. Na sasa ni lako."

Wiki ya pili ya Februari Rimma alikuja na sanduku la chokoleti. Juu kulikuwa na safu moja ya chokoleti kwa ajili ya macho ya Klavdia Petrovna. Chini kulikuwa na kitabu kidogo kama kitabu cha sala, kilichochapwa Paris, kilichoingia nchini ndani ya buti la mgeni. Mashairi mapya ya Sumerin. Yalitakiwa kupigwa taipu katika siku nne.

Taisia aliweka blanketi, akaweka mashine, akapanga karatasi tano nyembamba na kaboni nne. Aliomba kama alivyoomba kila mara, Bwana linda mikono hii. Alifika ukurasa wa arobaini na moja saa kumi na moja jioni, jikoni watu wakikaanga vitunguu. Vidole vilipiga mstari wa kwanza, vikapiga wa pili. Kwenye wa tatu vilisimama.

*Mfukoni mna tiketi ya treni ya Jumapili.*

Alisoma. Alisoma tena, mara hii kwa macho yake. Halafu aliangalia jalada, kama jina la juu lingekuwa limebadilika. Lilikuwa Arkadi Sumerin.

Akakumbuka jinsi shairi lile lilivyomjia Januari kama kitu anachokijua. Basi hiyo ndiyo sababu. Alikuwa amelisikia mahali, au alilipiga taipu mahali, na huyu mtu alimletea mali ya mtu aliyefukuzwa nchini kwake, akamwambia hili ni langu.

Hakulala, na hakumwambia Mungu chochote. Asubuhi aliomba ruhusa ofisini, akaenda kwenye boila.

Kesha alikuwa na sepetu mkononi. Alipomwona alianza kutabasamu, na Taisia akamfungulia kitabu ukurasa wa arobaini na moja, akakishika mbele ya uso wake. Uso ule ulibadilika pole pole. Rangi ilimtoka hadi midomoni. Sepetu ilianguka.

"Limefikaje humo?" alisema Kesha.

"Hilo ndilo swali lako? Limefikaje humo?"

"Taisia, hili ni langu."

"Sumerin amekuibia wewe? Kutoka Paris, akanyoosha mkono mpaka kwenye makaa?"

"Sijui. Nilimpa mtu mmoja nakala, zamani, ikapotea mikononi mwa watu. Hatuandiki majina, wewe unajua."

Alijua. Jina halikuandikwa kamwe, maana karatasi ikikamatwa bila jina ni shairi tu, na ikikamatwa na jina ni mtu. Lakini Taisia alikuwa ameshachoka kuelewa.

"Kila mwizi ana maelezo," alisema. "Mwambie basi hata kitu kimoja mtu aliyekuamini, Innokenti Lvovich. Nionyeshe kitu kimoja."

Kumwita kwa jina lake kamili na la baba yake kulikuwa kama kumfungia mlango. Kesha aliingiza mkono katika mfuko wa koti lake, akakaa nao humo kitambo. Kisha akautoa mtupu.

"Kama unataka cheti chenye muhuri," alisema, "sina."

Taisia aliondoka. Shairi la ukurasa wa arobaini na moja alilipiga taipu pamoja na mengine, nakala tano, kwa sababu kazi ni kazi. Simu ikilia kwenye korido alimtuma Klavdia Petrovna kusema hayupo. Klavdia Petrovna alisema hayupo mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alimwambia Kesha kwamba Taisia yupo, amesimama hapa, anajifuta macho kwa kola, na kwamba yeye mwenyewe hatadanganya tena kwa sababu Kwaresima inakaribia. Kesha alikata simu. Hakupiga tena.

Tarehe nne Machi ilikuwa Jumapili ya kuombana msamaha, siku ya mwisho ya chapati kabla ya mfungo. Taisia aliamkia Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Watu waliinamiana mmoja baada ya mwingine, wageni kwa wageni, wakisema nisamehe, wakijibiwa Mungu anasamehe, nami nasamehe. Mzee mmoja asiyemfahamu alimwinamia hadi kiunoni. Taisia alimjibu, lakini moyoni alimwona Kesha na akasema hapana, yule sijui kama naweza.

Adhuhuri alikuwa nje ya mji, katika nyumba ya mbao ya babu yake Rimma. Kule misonobari ni mingi na mitambo ya kuvuruga redio za ng'ambo haifiki vizuri. Rimma alikaanga chapati nyembamba, akapaka siagi, akazungusha kitufe cha redio kwa mkono uliobaki. Ulisikika mvumo, kisha sauti ya mwanamume mzee kidogo, yenye kikohozi. Rimma aliweka mwiko chini.

Ilikuwa sauti ya Sumerin. Miaka minne walikuwa wameishika sauti ile kwa vidole tu.

Aliulizwa juu ya kitabu chake kipya. Alisema kimempa furaha na aibu moja. Mvumo ulikuja, ukapita. Alisema shairi la ukurasa wa arobaini na moja, lile la koti, si lake. Alikuwa hospitali kitabu kilipokwenda kuchapwa, hakukisoma. Rafiki zake walilikuta kwenye karatasi zilizotoka nyumbani, mwisho kabisa, chini ya shairi lake, baada ya nyota tatu za kutenganisha mashairi, wakadhani ni lake. "Ningependa liwe langu," alisema, na kikohozi kikamkata. "Mwenyewe yuko huko. Ninamtunzia."

Rimma alimwangalia Taisia. "Kwa hiyo Kesha," alianza, kisha akamsogezea kiti, kwa sababu Taisia alikuwa mweupe kuliko unga uliokuwa mezani.

"Nyota tatu," Taisia alisema. "Mwisho kabisa."

Kwenye treni ya kurudi mjini alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Alifika nyumbani, akapita jikoni bila kuvua shali, akafungua kabati, akasogeza picha ya Mtakatifu Nikolai na kutoa bati la biskuti. Desturi ya wapigaji taipu ilikuwa kubaki na nakala moja, ile ya chini. Zake zote zilikuwa mle. Alitafuta za Sumerin za mwaka 1976, akafungua karatasi ya mwisho.

Shairi la Sumerin lilikuwa la mistari minane. Chini yake zilikuwa nyota tatu. Chini ya nyota, kwa herufi za vivuli, lilikuwa koti la baba. Na herufi moja, ile inayokatika mguu kila inapogonga, ilikuwa ya mashine yake.

Alikaa sakafuni. Ikamrudia yote. Machi ya mwaka ule alikuwa na homa. Rimma alileta bahasha mbili, moja ya Sumerin, nyingine yenye karatasi moja tu ya mtu asiyejulikana. Karatasi nyembamba zilikuwa hazipatikani mjini, na kuacha nusu ukurasa mtupu kulikuwa kama kumwaga maziwa. Vidole vyake viliona nafasi, vikaijaza. Yeye hakusoma.

Mwizi aliyemtafuta alikuwa ameketi pale, amevaa shali ya bibi yake.

Jinsi alivyoomba siku ile ni siri yake na Mungu. Alipoinuka aliweka karatasi moja kwenye mashine, moja tu, bila kaboni, na hakuweka blanketi. Alipiga mistari minne. Kisha akapiga kitu ambacho katika miaka saba ya kazi ile hakuwahi kukipiga. Klavdia Petrovna alichungulia mlangoni, akauliza kama ni barua. Taisia alisema ndiyo. Kisha akamwinamia pale pale, akamwomba msamaha kwa uongo wote wa kwenye simu. Klavdia Petrovna alisema Mungu anasamehe, nami nasamehe, sasa kimbia, boila halihami lakini wanaume huhama.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Kesha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila chapati baridi kutoka kwenye gazeti. Hakusimama.

Taisia alimwambia yote kwa mpangilio: redio, nyota tatu, bati la biskuti, homa, nafasi iliyobaki kwenye karatasi. Hakujitetea popote. Alipomaliza aliinama hadi vidole vyake vikagusa vumbi la makaa.

"Nisamehe, Kesha."

Moto ulivuma ndani ya tanuri. Kesha alitazama mgongo ule uliopinda kama mtu anayetazama nyumba yake ikihamishwa na mto. Hakuwa mtu wa kanisa. Lakini mama yake alikuwa, na jibu lilikuwa mahali fulani ndani yake.

"Mungu anasamehe," alisema. "Nami nasamehe. Inuka, utachafua kola."

Akaanza kucheka, cheko lisilo na sauti, mabega yakitikisika ndani ya lile koti kubwa. "Kwa hiyo wewe ndiye mchapishaji wangu. Umenipeleka Paris na hukuniambia hata nifunge mzigo."

"Usinitanie. Natetemeka."

Alivua koti akamvika. Lilikuwa zito na lilimfika vifundoni. Taisia aliingiza mikono mifukoni kwa sababu ya ubaridi, na ncha ya kidole ikagusa kitu kidogo, kigumu, chenye kona nne. Alikitoa. Kilikuwa kipande cha kadi ya kahawia cha reli, tarehe ya Jumapili moja ya mwaka 1950. Hakikuwa na tundu.

Taisia aliketi kwenye ndoo.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Siku ile. Mkono wako ulikuwa juu yake."

"Ilikuwa hapo."

"Kwa nini hukunionyesha?"

"Nilitaka uniamini mimi," alisema Kesha. "Tiketi ingeaminiwa na askari yeyote. Ulikuwa ujinga. Na wewe unisamehe, kwa kiburi."

"Mungu anasamehe," alisema Taisia, akilia. "Nami nasamehe."

Ndipo alipompa karatasi. Kesha aliisoma akiwa ameinamia mwanga wa tanuri. Alisoma mistari minne, kisha akafika chini, akasimama hapo muda mrefu kuliko mistari yote. Pale palikuwa na jina lake lote, la kwake, la baba na la ukoo: Innokenti Lvovich Bereznin. Alipitisha kidole juu ya herufi, hasa ile iliyokatika mguu.

"Sijawahi kujiona," alisema.

Kisha akafungua mlango wa tanuri na kuitia karatasi ndani, kwa sababu wote wawili walijua kwamba karatasi yenye jina ni mtu. Ilijikunja, ikang'aa, ikaisha.

"Kuna karatasi moja tu mjini hapa," alisema Kesha akiwa bado amempa mgongo, "ambayo jina langu na lako yanaweza kukaa juu yake bila kuchomwa. Wanayo ofisi ya ndoa. Wanafungua Jumanne saa nne. Nimepita pale mara tatu tangu Januari, nikijifanya naangalia saa yao."

Taisia alijifuta uso kwa mkono wa koti, akabaki na mstari wa makaa kutoka jicho hadi sikio.

"Jumanne nitakuwepo," alisema. "Lakini wakinipa kalamu, unisubiri kidogo. Karatasi hiyo nitaisoma yote kwanza, neno kwa neno."